Kabla ya kulipia nyumba Uluguru, mtafute mjomba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongee na wastaafu wenzangu wa Dar es Salaam, hasa wale ambao mafao yao yameingia juzi na simu za madalali haziishi kuita. Tangu treni ya umeme ianze safari za Morogoro, Juni 14, 2024, haipiti wiki sijaletewa tangazo la namna ile ile: nyumba ya mlimani, hewa safi, maji ya mserereko, chini ya saa mbili kutoka Dar. Nililiamini mojawapo. Leo naandika nikiwa barazani kwangu huku huku Morogoro, kwa hiyo sisemi msije. Nasema mjue mnanunua nini, na kwa nani.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilipanga Tabata miaka 28, lakini nimezaliwa Marangu, Uchagani. Hilo la Marangu lishikeni, nitalirudia, maana ndilo lililoniponza.

Kwanza hizo saa mbili. Tiketi ya daraja la kawaida niliikata kwa shilingi 13,000, na treni yenyewe haina neno. Unasinzia Pugu, ukishtuka uko Ngerengere. Ila tangazo linahesabu tangu unapoingia kwenye behewa hadi unapotoka. Mimi nilifunga mlango wangu Tabata saa 10 na robo alfajiri ili niiwahi treni ya saa 12. Kutoka stesheni ya Morogoro nikachukua bajaji hadi mjini, daladala hadi Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, nikamsubiri dalali, kisha bodaboda mpaka pale bodaboda ilipogoma, na kilichobaki nikapanda kwa miguu. Nilifika kwenye nyumba saa 3 na nusu asubuhi. Mwenye magoti kama yangu apige hesabu yake.

Lilikuwa pagale la vyumba vitatu, limeishia kwenye lenta. Mbele ya mlango kuna mfenesi, umebeba hadi chini kwenye shina. Ukigeuka, mji wote uko chini ya miguu yako, mabati yanameta. Nilisimama pale nikajiona tayari nimeanika kanga zangu. Muuzaji, mzee wa miaka kama 70, mpole, akanipa kigoda akasema, "Karibu mama, hapa ni kwako." Alianzia milioni 18, tukashuka hadi 15. Nililipa kianzio cha milioni 5. Karatasi ya mauziano ikaandikwa, mashahidi wawili wakasaini (baadaye nilijua wote ni marafiki wa dalali), ofisi ya mtaa ikagonga mhuri na kuchukua chake.

Msinione mjinga kabisa. Niliuliza kuhusu mke. Najua Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila mke kuridhia, nimeshaona wodini wanawake waliougua presha kwa sababu hiyo. Mzee akaniambia mkewe alifariki 2016. Nikampa pole, nikatoa pesa. Kwetu Marangu mambo yangekuwa yameisha. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, hufuata baba, mke ndiye anayekuja na begi lake, akitangulia mbele za haki mume anabaki kwenye kihamba chake. Nilipanda Uluguru na akili ya kihamba kichwani.

Wiki ya tatu nilirudi na fundi kupima madirisha. Kiu ikanishika, nikaomba maji nyumba ya chini. Alikuwepo bibi mmoja anamenya mihogo, kisu kidogo kimelika hadi kimebaki kama kijiti. Akanipa kikombe, akaniacha ninywe nimalize, ndipo akauliza:

"Mwanangu, umenunua kwa nani?"

Nikamtajia mzee. Akaendelea kumenya.

"Yule alikuja kuoa hapa. Alikuja na begi. Mjomba wao anajua?"

Mjomba wa nani, nikajiuliza. Bibi akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kisimani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo ya mama yake, na ardhi inafuata huko huko. Mwanamume akioa, mara nyingi hujenga kwenye ardhi ya upande wa mke. Atalima, atapanda migomba, atazeeka pale, lakini udongo si wake wala si wa ukoo wake. Mke akifa, wenye neno ni ndugu zake wa tumbo moja, watoto wake, na juu yao mjomba.

Na yule mzee hakuwa tapeli, angalau si kwa asilimia zote. Tofali alizifyatua kwa mikono yake, nimeona shimo alilochimbia udongo. Aliniuzia tofali. Mimi ndiye niliyedhani nimenunua na kilichoko chini yake.

Mjomba alishuka kutoka Matombo Jumapili iliyofuata, pamoja na dada wawili wa marehemu. Tukakaa chini ya mfenesi. Sikutukanwa. Ningetukanwa ningejisikia nafuu, kuliko jinsi walivyonihurumia. Mjomba alisema wazee wake waligoma mwaka 1955 serikali ya Mwingereza ilipowalazimisha kulima kwa matuta ya ngazi, hawakugoma kwa kupenda fujo, na yeye hawezi kuiacha ardhi hiyo iondoke kwa karatasi ambayo hakuisoma. Nikamgeukia mwenyekiti wa mtaa na karatasi yangu mkononi. Jibu lake ninalo mpaka leo: "Mama, mhuri wangu unasema nimeona mkiuziana. Hausemi ni cha nani."

Katika ile milioni 5, mzee alikuwa ameshamnunulia mwanawe pikipiki. Nilirudishiwa milioni 3 na laki 2, kwa mafungu matatu, ndani ya miezi minane. Ya dalali na ya mhuri hayakurudi.

Mtu mwingine angerudi Tabata. Mimi nilikuwa nimeshaonja ubaridi wa Julai, nikaendelea kutafuta. Niliyoyaona ni mengi, nataja mawili tu.

Dalali wa pili alinipandisha juu zaidi, kwenye "kiwanja chenye mto". Mto ulikuwepo kweli, hatua kama 20 kutoka mahali aliponionyesha pa kuweka msingi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Tulipopanda kidogo nikaona jiwe la mpaka wa msitu wa hifadhi, nalo liko chini yetu. Nikamuuliza, "Baba, hapa si ndani?" Akasema watu wanajenga tu. Uluguru ni hifadhi ya asili tangu 2008, na si kwa ajili ya ndege na vipepeo peke yao. Mto Ruvu unaanzia humu, na mabomba ya Dar yanaungoja huko chini. Oktoba 2022 tulipowekwa kwenye mgawo wa maji, nikipanga ndoo Tabata usiku wa manane kwa sababu Ruvu imekauka, sikujua kwamba siku moja nitauziwa chanzo chake kwa milioni 9, bei ya maelewano.

La pili ni gharama ya kupanda. Mchanga unaoshushwa Bigwa barabarani ni bei moja. Mchanga huo huo ukitakiwa juu, fuso haifiki, unabebwa na vijana kwa ndoo kichwani, na wanahesabu ndoo. Saruji vivyo hivyo, bati vivyo hivyo. Masika ikianza, Machi hadi Mei, ule udongo mwekundu unakuwa kama sabuni na hata vijana wanakataa. Anayeuziwa pagale kwa bei ya kutupa aulize kwanza kwa nini mwenyewe aliishia kwenye lenta.

Nyumba ninayokaa nimeinunua kwa mama mmoja wa makamo, vyumba viwili na baraza, chini kidogo, gari linafika. Safari hii sikuuliza dalali swali hata moja. Nilianzia ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja na kitalu, nikaomba upekuzi, yaani waangalie kwenye faili ni cha nani. Eneo lilikuwa limepimwa wakati wa urasimishaji wa makazi, hati haijatoka, na jina kwenye faili ni la marehemu mama yake muuzaji. Nikasema vizuri, basi nawataka wote. Wakaja kwa wakili: muuzaji, dada zake wawili, watoto wao wakubwa wanne, na mjomba na kofia yake ya sufu. Wakasaini mmoja mmoja, asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Mimi nilileta kreti mbili za soda na kilo tano za sukari. Hakuna aliyezidai. Niliona tu haifai niwakusanye watu wazima wanane nusu siku nzima midomo mikavu.

Wakati wa kuagana mjomba akanivuta pembeni, akanionyesha mpira mweusi unaoshuka kutoka kwenye chemchemi juu, umefungwa fungwa na vipande vya tairi, ukigawa maji nyumba sita. "Mama, ukitaka kuuza usitutafute, ni yako. Ukitaka maji, tutafute." Mwezi uliopita mpira ulipasuka usiku. Nilimpigia yeye kabla ya fundi, na asubuhi vijana watatu walikuwa wameshapanda.

Sasa Mhariri, nina maombi mawili, na la kwanza linakuhusu wewe. Tangazo la kiwanja au nyumba lisichapishwe bila namba ya kiwanja na kitalu. Kama eneo halijapimwa, tangazo liseme wazi, kwa herufi kubwa sawa na zile za "hewa safi". Mwenye nia njema hatapungukiwa kitu.

La pili ni la ofisi za mitaa na vijiji vya milimani. Karatasi ya mauziano ina nafasi ya muuzaji, mnunuzi, mashahidi na mhuri. Kwa ardhi ambayo haina hati, iongezwe sehemu ya ukoo: ardhi imetoka upande gani, kwa mama au kwa baba, na nani wa upande huo ameridhia. Huku Uluguru ingekuwa sahihi ya mjomba na ya dada. Kwetu Marangu ingekuwa ya watu wengine. Ni mistari miwili ya wino, ingeniokolea milioni moja na laki nane, na ingemwokolea yule mzee aibu ya kuitwa mwizi mbele ya wajukuu zake.

Na wewe mstaafu mwenzangu uliyelipa kianzio wiki hii, bado hujachelewa. Jumamosi panda peke yako, bila dalali, na usiende kwenye nyumba. Nenda nyumba ya chini yake, mtafute bibi mzee kuliko wote hapo, umuombe maji ya kunywa. Kisha kaa, umsaidie kumenya.

Muuguzi mstaafu,
Bigwa, Morogoro