Majaribio ya parachuti kwenye kompyuta yasipuuzwe

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kukunja parachuti za mizigo, na inaniuma kusikia kwamba kuiga kwenye kompyuta udondoshaji wa mizigo kutoka ndegeni ni kupoteza fedha. Uzito ukiongezeka maradufu chini ya parachuti ileile, kasi ya kushuka hupanda kwa takriban asilimia 41. Hilo hata kikokotoo kinalimaliza. Kazi ipo kwenye zile sekunde chache za kufunguka: hewa inakisukuma kitambaa, kitambaa nacho kinageuza mkondo wa hewa, huku kasha la mzigo likiyumba kwenye msukosuko ulioachwa na ndege. Hapo ndipo kamba hukatika na mishono kuachia. Wahandisi wapewe kompyuta zenye nguvu, nasi mafundi tuulizwe hali ya kitambaa, maana kilichochakaa kinaweza kupitisha hewa zaidi kuliko kipya.

Fundi wa parachuti