Weka kalamu chini kwanza

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote nawasalimu. Huku wazima. Ujumbe wako, kwamba unataka kuyasahihisha mashairi yako ya shuleni, nimeusoma usiku huu, nikaona nisingoje kukuche: hiyo kalamu uliyoishika, iweke chini! Daftari la kidato cha pili halisahihishwi juu yake lenyewe. Ukishalikata neno la msichana wa miaka 15, nani atakukumbusha alisema nini?

Anza na pini zilizoshika kutu. Usizivute, utachana karatasi. Fungua daftari katikati, nyanyua miguu ya pini kwa kisu butu, uitoe taratibu, kisha shona kwa uzi wa pamba kwenye matundu yale yale. Namba za kurasa ziandike pembeni kwa penseli. Halafu piga picha kila ukurasa karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu, na simu usiiinamishe, maana mistari ya chini itatoka na ukungu. Seloteipu usiiguse kabisa: gundi yake hugeuka manjano na kuila karatasi. Na mfuko wa nailoni, kwa joto la huko kwenu, ni kuyapika madaftari kwa unyevu wake. Bahasha ya karatasi yatosha. (Eti yule rafiki yetu wa Pangani kakwambia uyaanike juani? Mwache. Wino wa biki unapauka.)

Kusahihisha utasahihisha, ila kwenye daftari jipya. Ule mshororo ulionitumia, "Mwalimu wetu mpenzi, tunakupa shukrani", hebu uhesabu kwa vidole. Ukwapi, kipande cha kwanza, una mizani (silabi) 8: m ya "mpenzi" inasimama peke yake, mwa ya "mwalimu" ni moja tu. Utao, kipande cha pili, una 7. Uliandika "shukrani" kama unavyoitamka. Weka "shukurani", mazida yanayokubalika hayo, yaani kurefusha neno lijaze mizani, na 16 zimetimia. Kosa dogo, cheka upite.

Linalonikera ni lile jingine: "Elimu kweli hakika, ni mwanga tena nuruni." Mizani 16 barabara, na ndani hamna kitu! "Kweli" na "hakika" zinaziba pengo, "mwanga" na "nuru" ni pacha, na hiyo -ni imebandikwa ili kina kipatikane. Nuruni huko mtu anaingilia mlango upi? Wanafunzi hukimbilia -ni kwa kuwa nomino nyingi zinaipokea. Huo hautengenezeki, shoga. Uache ulivyo, uandike tarehe yake.

Na tarehe usibuni. Tazama wekundu wa mwalimu kwenye somo la ukurasa wa jirani. Mara nyingi sahihi ina siku.

Mashairi yale yasiyo na vina, uliyoyaficha nyuma ya daftari la hesabu, usiyapachike vina sasa ili yafanane na wenzake. Wanamapokeo, wanaoshikilia vina na mizani, na wanamabadiliko, wanaoviacha, waligombana miaka ya 1970 na mpaka leo hawajapatana. Wewe utawapatanisha kwa daftari la mistari? Hayo ndiyo ningeanza nayo, kwa kweli, kuliko ya... basi, utayaona mwenyewe.

Ni madaftari mangapi yote? Kuna kurasa zilizochanwa? Yule wa Pangani bado anazo karatasi za gazeti la ukutani, au mchwa walishamtangulia? Lile shairi la mvua lipo, au lilikwenda na ile barua? Na kalamu, umeshaiweka chini?

Ni mimi, shoga yako