Pakua Kabla Hujaondoka: Barua kwa Mwanangu Mwalimu

Mwanangu Mwanaisha,

Baada ya salamu. Umeniandikia kwamba masomo utayapakua ukishafika Garsen, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Pakua hapa hapa Mombasa, kabla hujafunga begi. Mtandao ukiwepo huko, alhamdulillahi. Usipokuwepo, watoto wasikae kunakili ubao tu.

Anza na PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni bure. Kila jaribio lina kitufe cha kupakua, nawe unapata faili moja la HTML linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Chukua la saketi, la msongamano, na la kusawazisha milinganyo ya kemia. Usihifadhi kiungo ukadhani umehifadhi somo. Zima data, fungua faili. Likifunguka ndipo useme unalo.

Kisha Kolibri, programu ya kusomea masomo bila intaneti. Isakinishe kwenye kompyuta, uingize mada za muhula huu pekee, maana mkusanyo mzima wa video na mazoezi ya Khan Academy unakula makumi ya gigabaiti. Shuleni utahitaji ruta ya kawaida, hata bila laini. Vishikwambi vikiunganishwa na ruta hiyo vitaifikia kompyuta kwa kuandika kwenye kivinjari anwani yake ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao, na poti 8080. Ukurasa ukikataa kufunguka, mara nyingi ni fayawoli, kinga ya mtandao ya Windows, inayozuia, au kompyuta imelala. Yajaribu hayo nyumbani kwa simu ya nduguyo. Sasa niambie, ushapakua?

Kompyuta unaijua kunishinda, na nikisikia watu wakikuita mwalimu moyo hunijaa. Ila una tabia ya kuahirisha, tena unaijua mwenyewe.

Skrini peke yake haitoshi, watoto waguse vitu. Betri ya volti 9 na LED nyekundu, kile kitaa kidogo, zinataka rezista ya omu 470 ya kupunguza mkondo. LED huchukua kama volti 2, zile 7 zinabaki kwa rezista, na mkondo huwa miliampia 15 hivi. Bila rezista LED huungua papo hapo. Nunua na fyuzi za akiba za multimita, ile mita ya kupimia umeme. Lazima mwanafunzi mmoja ataiweka kwenye miliampia kisha aguse ncha mbili za betri; upinzani wa mita hapo ni mdogo mno, mkondo unafurika, fyuzi inakatika. Wazoeze mapema: kupima mkondo, saketi hukatwa na mita ikaingia katikati, kupima volti, mita hushikwa sambamba na kifaa.

Kwa asidi na besi, loweka kijiko kimoja cha unga wa manjano, kile kiungo cha jikoni, kwenye spiriti, si maji, kwani rangi yake haiyeyuki vizuri majini. Spiriti inawaka moto, basi iwe mbali na jiko. Chuja, chovya vipande vya karatasi nyeupe, vianike kivulini maana jua huipausha rangi. Kwenye maji ya magadi au sabuni vitageuka vyekundu vya kahawia. Kwenye ndimu vitabaki vya manjano, na kwenye maji matupu vilevile, kwa hiyo manjano hayatambui asidi. Hapo ndipo utumie maji ya rosela, yale maua mekundu ya kutengenezea chai: asidi huyafanya mekundu, besi huyageuza ya kijani.

Ukishatulia, fuatilia mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi yanayotolewa na kituo cha CEMASTEA, kule Karen, Nairobi, na uulize mapema shule inavyoingia Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya. Mradi wa wanafunzi ukianzwa kwa haraka hukosa vipimo vya kurudiwa, na waamuzi huliona hilo mara moja. Haya yanaweza kungoja. Kupakua hakungoji.

Manjano ya kwenye mkebe mwekundu usiyaguse, ni ya biriani ya Ijumaa. Kanunue mengine Marikiti. Shangazi yako anakitaka kitanda chako, nimemwambia asubiri mpaka ujue kama nyumba ya walimu ina vitanda. Muulize mwalimu mkuu leo, pamoja na habari za umeme: upo mchana kutwa, au ni sola ya ofisini tu? Kama ni sola, ruta yako iwe ya volti 12, kama betri nyingi za sola.

Mamako