Barua kwa Rafiki Aliyepewa Nafasi ya Akiba

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimeona ulivyoumia kuchaguliwa kuwa mwigizaji wa akiba, yule anayejifunza nafasi ya mwenzake ili aingie asipokuwepo, baada ya usaili ule mrefu. Nakuomba usiikatae nafasi hiyo kabla hujanisikiliza.

Kazi hiyo niliifanya kwa msimu mzima, na ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Mhusika mkuu hujifunza kwa kufanya mazoezi jukwaani, ilhali wewe utajifunza kwa kutazama, umekaa gizani na daftari mapajani, ukiandika kwamba akifika kwenye neno fulani anageuka kushoto, anapiga hatua tatu, kisha anaiweka taa mezani kwa mkono wa kulia. Hata mkono una maana, kwa kuwa mwenzake ataifuata taa hiyo palepale bila kuangalia. Siku niliyoitwa, ilikuwa imebaki saa moja na nusu pazia lifunguliwe. Fundi wa mavazi alilibana gauni kwa pini mgongoni mwangu, na mwigizaji mwenzangu akaninong'oneza, "Ukisahau, nitazame machoni." Sikusahau neno hata moja, lakini nilimtazama usiku kucha.

Najua watu watakusimulia habari za mwigizaji Anthony Hopkins, aliyeingia jukwaani badala ya mwigizaji mashuhuri Laurence Olivier huko London mwaka 1967 Olivier alipougua, akasifiwa na Olivier mwenyewe. Ni habari ya kweli, ila siipendi sana, kwa sababu humfanya mtu akae akingoja ugonjwa wa mwenzake. Mimi humkumbuka zaidi Kathy Voytko, mwigizaji wa akiba wa Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho huko New York. Desemba 2021, Sutton Foster, mwigizaji mkuu wa kike wa onyesho lao, alipougua, Voytko aliarifiwa saa sita mchana, akafanya mazoezi saa moja baadaye, na jioni akacheza nafasi ya mhusika mkuu wa kike. Hugh Jackman, mwigizaji mkuu wa kiume, aliwaeleza watazamaji kwamba siku hiyo Voytko angeweza kucheza nafasi yoyote kati ya nane. Nane, rafiki yangu! Huo ndio ustadi ninaoutamani kwako.

Ukikubali, mwombe mwongozaji akupe walau zoezi moja kamili pamoja na waigizaji wenyewe, tena jukwaani, kabla ya onyesho la kwanza. Mimi sikuomba, na nilijutia. Daftari langu la zamani bado ninalo. Niambie nikutumie, uone nilivyokuwa nikichora hatua.

Wako akupendaye.