Tairi moja kwa wote sawa, ila ipimwe ikiwa imezeeka

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nimesoma ile makala yenu ya ukurasa wa michezo kuhusu madereva wa ridhaa wanaotaka gari zote za daraja lao zikimbie na tairi za aina moja, mwandishi kamalizia kwamba sasa resi zitakuwa nafuu kwa wote. Hapo ndo nikaona niandike, maana na mimi ni dereva wa wikendi, vikao vya kuchagua tairi nimeshavikalia sana, na tairi moja haimpunguzii mtu gharama kama waliochagua waliijaribu ikiwa mpya tu.

Kwa wasiojua, kwenye madaraja yetu sheria imewafungia injini, imewafungia uzito, mpaka springi wakati mwingine, sasa tairi ikiachwa wazi hela zote zinakimbilia huko. Mtu anatafuta ile laini kuliko zote, inanata mizunguko michache halafu basi, wengine inabidi nao wanunue au wakubali kukaa nyuma. Hata wakubwa wa Formula One vita ya kampuni za tairi iliwatia aibu, Indianapolis kule Marekani 2005 gari 14 zenye tairi za Michelin ziliingia pit, pale gari zinapohudumiwa, baada ya mzunguko wa kupasha moto kwa kuhofia tairi kupasuka, zikashindana 6 tu zenye Bridgestone, watu wamelipa kiingilio wanaangalia gari 6! Kuanzia 2007 Formula One ikabaki na kampuni moja ya tairi.

Sasa kuna klabu zinakwepa kuchagua kampuni, zinasema tu tairi iwe na namba ya uchakavu isiyopungua kiasi fulani, 200 kwa mfano, ile namba inayoandikwa ubavuni kwa tairi zinazouzwa Marekani, ikiwa kubwa maana yake tairi inachelewa kuisha. Inaonekana ni haki, kila mtu anunue anapotaka. Ila ile namba inatokana na jaribio la barabarani, tairi inatembezwa kama kilometa 11,500 ikilinganishwa na tairi ya kipimo iliyopewa 100, na anayeiandika ni mtengenezaji mwenyewe. Sasa mtengenezaji akijua kuna wateja wa resi wanasubiri 200, unadhani ataandika ngapi? Zikatoka tairi zimeandikwa 200 na zinashika lami kuliko za zamani zilizokuwa na namba ndogo, vita ikahamia huko huko. Kwa hiyo hapo nakubaliana na hao madereva wenu, taja tairi kwa jina na saizi, yaishe.

Lakini ipi? Hapa ndo kamati nyingi zinakosea. Wanaita dereva wao mwenye kasi, anavaa tairi mpya, anazunguka asubuhi moja, anashuka anasema safi, kura inapigwa. Hakuna aliyeuliza itakuwaje wikendi ya tatu. Tairi ya resi haifi kwa kashata, yale meno ya tairi, kuisha peke yake, inakufa kwa moto, kila ikichemka na kupoa raba inakakamaa kidogo, unaweza kukuta kashata bado zipo unaziona kwa macho na gari linateleza kama limepakwa sabuni. Ukichagua tairi inayopoteza sekunde nzima kwa mzunguko ikishachemka mara tatu, mwenye hela atafunga mpya kila resi, na sheria inamruhusu kabisa maana ni tairi ile ile. Mimi yalinikuta, nikatunza seti moja nusu msimu nikijisifu nabana matumizi, kumbe niliokuwa nashindana nao walikuwa wanabadilisha kila wiki na wananipita kwenye kona kama nimepaki.

Mfano mzuri ni Marekani kwenye zile Mazda ndogo za daraja la Spec Miata, kuna miaka walikimbia na Toyo RA1, tairi yenye kashata ambayo ilikuwa nzuri zaidi ikishalika. Ikiwa mpya kashata ndefu zinayumba na kupata joto kupita kiasi, so watu wakawa wanazipeleka kuchongwa na mashine kabla ya resi, yaani unalipa kutoa raba uliyoinunua, ukimweleza mtu wa kawaida anakucheka. Ila ona faida yake, tairi iliyochakaa ilikuwa bado inashindana, huna sababu ya kukimbilia mpya.

Kwa hiyo jaribio liwe hivi, madereva watatu wa viwango tofauti, seti moja kila mmoja, wachemshe na kupoza angalau mara sita, muda wa kila mara uandikwe, presha ya upepo iandikwe. Halafu weka kikomo cha tairi kwa msimu na zipigwe alama kwenye ukaguzi, bila alama kikomo ni maneno tu. Kwenye gokati, vile vigari vidogo vya resi, kuna watu wanapaka tairi kemikali za kulainisha raba, so kipima ugumu wa raba nacho kiwepo siku ya resi. Tairi za mvua zitajwe mapema, nimeona watu wamebishana hilo mawingu yameshatanda.

Na kuhusu msambazaji, wengine wanaipa klabu kitu kidogo kwa kila tairi inayouzwa, si dhambi, ila wanachama waambiwe kabla ya kura. Mkataba useme pia itakuwaje kiwanda kikibadilisha mchanganyiko wa raba katikati ya msimu na jina likabaki lile lile, maana hapo aliyenunua stoo nzima mwezi wa kwanza ana tairi nyingine kabisa na wa mwezi wa saba.

Mwandishi wenu akirudi kwa hao madereva naomba awaulize swali moja tu, tairi mliyoichagua ikichemka mara ya sita inapoteza sekunde ngapi? Wakianza kuangaliana, aandike hivyo hivyo.

Msomaji wenu, dereva wa wikendi