Barua ya malalamiko: triga ya Nikon kwa mteja wa Canon, na kudhalilishwa juu yake

Kwa Meneja wa Tawi, Mbeya
Nakala: Mkurugenzi, Makao Makuu, Dar es Salaam

YAH: KUUZIWA TRIGA YA FLASHI ISIYO YA KAMERA YANGU NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATEJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi dukani kwenu sikuipata.

Jumatatu asubuhi nilirudisha triga, yaani kile kifaa kinachopachikwa juu ya kamera kuiamuru flashi iwake, ikiwa na boksi lake na risiti. Utaratibu wenu wa kubadilisha bidhaa mnaujua wenyewe, umebandikwa ukutani nyuma ya kaunta. Nilimweleza kijana wenu taratibu kwamba hii ni ya Nikon na kamera yangu ni Canon. Akainyakua, akaipachika juu ya kamera yangu, akabonyeza. Flashi ikawaka. Akawageukia waliokuwa kwenye foleni akasema kwa sauti: "Si inawaka jamani? Mashine nzima, mpiga picha ndiye mbovu." Watu wakacheka.

Inawaka, ndiyo. Hilo sijawahi kulibisha. Igeuzeni triga hiyo muitazame chini. Ina pini kubwa ya katikati na ndogo tatu. Canon ina ndogo nne, na zimepangwa kivyake. Pini ya katikati kazi yake ni moja tu, kuiambia flashi iwake. Hizo ndogo ndizo zinazopeleka vipimo vya TTL, yaani kamera kujipimia yenyewe nguvu ya flashi, na ndizo zinazowezesha flashi kufuatana na shata, pazia la kamera linalofunguka na kufunga, inapokwenda kasi. Zisipokutana, kamera haijui hata kama kuna flashi, na mimi nabaki na nusu ya kitu nilicholipia.

Kwenye boksi herufi ya mwisho ya jina la triga ndiyo inayoeleza ni ya kamera gani: C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony. Juu ya herufi hiyo mmebandika stika yenu ya bei. Nilikuja kununua kamera ikiwa shingoni, jina la Canon linasomeka toka mlangoni, na bado nikamtajia muuzaji wenu kwa mdomo. Tena mzigo mliniahidi Jumatano, mkanikabidhi Ijumaa jioni wakati mnafunga duka. Harusi ilikuwa Jumamosi, Tukuyu.

Maharusi walitaka wasimame kwenye mashamba ya chai saa saba mchana, Mlima Rungwe nyuma yao na anga lake la bluu. Kwa jua lile, bila flashi, ama nyuso zinakuwa nyeusi ama anga linaungua na kuwa jeupe. Ndiyo maana mtu ananunua triga yenye uwezo wa kasi kubwa: ufungue tundu la lenzi hadi f/2.8, upandishe kasi ya shata, flashi ijaze nyuso. Kamera yangu mwisho wake wa kawaida wa kasi ya shata kwa flashi ni 1/180 ya sekunde. Nikibaki hapo kwa ISO 100, usikivu mdogo wa mwanga, jua la mchana linanilazimisha kubana tundu la lenzi hadi f/11 na zaidi, na kwa flashi yangu ndogo iliyo ndani ya softiboksi, kitambaa cha kulainisha mwanga, mwanga wote unaishia njiani. Nilipopandisha hadi 1/500, flashi ilimulika kipande tu cha picha, kwa kuwa shata ilikuwa imeshaziba sehemu nyingine. Nikiisimamisha kamera wima, mstari unapita katikati ya maharusi: bwana harusi anang'aa, bibi harusi yuko kizani na shela lake limekatwa kama kwa mkasi. Picha za pale shambani hazifai, na hazirudiwi, kwa sababu watu wameshaoana na ndugu wameshasafiri.

Mle dukani kwenu kijana alijaribu kwenye kivuli, kasi ya shata ikiwa chini. Nilimwomba tutoke nje, hatua chache tu, nimwonyeshe kwenye jua. Akakataa. "Kaka, kazi imekushinda, usitupotezee muda." Hilo ndilo lililofuata baada ya kile kicheko, na ndilo linaloniuma zaidi. Flashi iliwaka, akawageukia wateja, akasema mashine nzima mpiga picha ndiye mbovu, na miongoni mwa waliosikia alikuwepo mama mmoja wa Uyole ambaye tulishakubaliana kazi ya sendofu ya binti yake. Alinitazama, kisha akaangalia pembeni. Jioni akapiga simu kusema wamepata mtu mwingine. Msimamizi wenu alikuwa amesimama pale pale akihesabu pesa. Hakuinua hata kichwa.

Nilichokuja kuomba Jumatatu ni kubadilishiwa tu. Sasa nataka pesa yangu yote, pamoja na fedha niliyowarudishia maharusi kwa picha za shambani. Ushahidi wa muamala wa simu ninao. Nilitaka pia barua ya kuomba radhi, lakini kila nikikumbuka kicheko kile naona barua haitoshi. Kijana huyo aniombe radhi hapo hapo kaunta, msimamizi akiwepo, wateja wakisikia.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa. Mkikaa kimya, malalamiko yatakwenda Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na madai ya fedha nitayafungua Mahakama ya Mwanzo. Na kwa kuwa risiti ya EFD, mashine ya kodi, mliyonipa inasoma kiasi pungufu ya nilicholipa, TRA, mamlaka ya mapato, nao nitawapelekea nakala.

Nasubiri simu ya meneja mwenyewe hadi Ijumaa saa kumi jioni. Triga iko kwangu, haijakwaruzwa, na stika yenu bado iko juu ya ile herufi. Sitaibandua mpaka aione hakimu.

Wenu,
Mpiga picha, Sokomatola, Mbeya