Barua kwa mwanangu: kibali cha bandarini wakati wa vita

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma hadi mwisho, pamoja na yale maneno uliyoyaandika kwa hasira. Unauliza kwa nini mtu anayefunga kamba za meli na kuhesabu shehena atakiwe alama za vidole, majina ya ukoo na anwani ya kila mahali alipowahi kuishi, eti kwa sababu kuna vita. Unasema wewe si askari. Ndiyo maana wanakuuliza. Askari ana namba yake na kamanda wake, na akikosea anajulikana pa kushtakiwa. Wewe unaingia asubuhi ukitoka nyumbani kwako, unarudi jioni, na katikati ya hapo unashinda hatua chache tu kutoka kwenye mabomu na mafuta ya ndege.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Julai 1916, gati la Black Tom huko Jersey City, ng'ambo ya maji kutoka New York, lilikuwa limejaa silaha zilizosubiri kusafirishwa kwa mataifa yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani. Marekani yenyewe ilikuwa bado haijaingia vitani, na ulinzi pale ulikuwa wa kubahatisha. Moto ukazuka, shehena ikalipuka, vioo vya madirisha vikapasuka hadi Manhattan, na Sanamu ya Uhuru ikapigwa na vyuma vilivyorushwa na mlipuko. Mwanzoni walilaumiwa walinzi, kwamba waliwasha moto wa kufukuzia mbu. Ilifika mwaka 1939 ndipo tume ya madai kati ya Marekani na Ujerumani ikaamua kwamba hiyo ilikuwa kazi ya mawakala wa Ujerumani. Kwa hiyo, hofu ya wenye bandari usiidharau. Ina chanzo.

Ila usiamini kwamba kadi inazuia kila kitu. Huko Halifax, Desemba 1917, meli ya Mont-Blanc iliyosheheni baruti iligongana na nyingine, na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Huko Bombay, Aprili 1944, meli ya Fort Stikine iliingia gatini ikiwa na pamba na mabomu katika chombo kimoja, ikashika moto. Hapo hakuna jasusi aliyehitajika. Ukiona shehena imepangwa ovyo, sema, hata kama kila aliyepo ana kibali kifuani.

Sasa nikuambie kinachonihangaisha mimi, maana kuulizwa maswali si tatizo. Nilikaa miaka mingi kwenye ofisi ya chama cha wafanyakazi nikiandika rufaa za watu, na nimejifunza kuangalia jambo moja: akikataliwa mtu, je, anaambiwa sababu?

Vita huleta njia ya mkato. Badala ya kumchunguza mtu, wanachunguza asili yake. Novemba 1917 Rais Wilson alitoa tangazo lililowakataza raia wa Ujerumani waliokuwa Marekani kusogea karibu na magati, yadi 100 kwa mujibu wa tangazo lenyewe. Mtu aliyepakua mizigo pale maisha yake yote aliamka akiwa hatakiwi hata kupita jirani. Februari 1942 ilikuwa zamu ya Wajapani wa Terminal Island, ndani ya bandari ya Los Angeles. Wavuvi hao na familia zao walipewa saa 48 kuondoka, wakiwemo watoto waliozaliwa Marekani na waliokuwa raia wake. Hakuna aliyekaa nao mmoja mmoja kuuliza amefanya nini.

Halafu ikaja vita ya Korea, na hapo ndipo pana somo kubwa kuliko yote. Agosti 1950 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoitwa Magnuson, na Oktoba mwaka huo Rais Truman akatoa amri iliyokipa Kikosi cha Walinzi wa Pwani mamlaka ya kuwachuja mabaharia na wafanyakazi wa bandari. Bila kibali chao hupandi meli, na kwenye magati waliyoyawekea ulinzi huingii. Safari hii kilichopimwa hakikuwa kabila. Walipima mawazo: ulikuwa chama gani, ulisoma gazeti gani, rafiki zako ni akina nani. Wengi walioangukia nje walikuwa watu wa vyama vya wafanyakazi vya mrengo wa kushoto.

Aliyekataliwa alipata barua ya kusema yeye ni hatari kwa usalama, na maneno ya jumla jumla yasiyoshikika. Ruhusa ya kukata rufaa alikuwa nayo. Lakini utajibu nini, mwanangu, ikiwa hujui nani amekusema, alisema nini, na lini? Mtu anabaki kuapa kwamba yeye ni mwema. Nimewahi kukaa na mtu katika hali ya namna hiyo (mahali pengine, na sitapataja), na kila sentensi niliyomwandikia niliiona ni ya bure, kwa sababu hatukuwa na tuhuma mbele yetu ya kujibu.

Mabaharia hao hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani San Francisco, na Oktoba 1955, katika kesi ya Parker dhidi ya Lester, mahakama ya rufaa ikasema utaratibu ule haukuwa wa haki. Angalia vizuri ilichokataa. Haikusema serikali isichuje watu. Ilisema huwezi kumnyang'anya mtu kazi yake kwa ushahidi wa msemaji asiyejulikana na tuhuma asizoonyeshwa. Miaka mitano ilikuwa imepita. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaongeza jingine, katika kesi ya mhandisi wa meli aliyekataa kujibu maswali kuhusu imani zake: sheria ile ilihusu vitendo vinavyohatarisha meli na bandari, na haikutoa ruhusa ya kupekua fikra za mtu.

Siku hizi mambo yameandikwa zaidi. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, zinazotumika tangu Julai 2004, zinaitaka kila bandari inayopokea meli za kimataifa iwe na mpango wa kudhibiti nani anaingia wapi. Marekani ina kadi ya wafanyakazi wa bandari inayodumu miaka 5. Uhaini na ujasusi vinakufungia mlango moja kwa moja, makosa mengine yanakuzuia kwa muda, na anayekataliwa ana njia ya kupinga. Huo ndio mpango ninaouona wa maana: makosa yametajwa wazi, kwa hiyo mtu anajua anajibu nini. Vita vikipamba moto, hayo ndiyo ya kwanza kulegezwa.

Basi ijaze fomu, na uijaze kwa ukweli. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Nusu ya rufaa nilizoandika zilitokana na jina moja kuandikwa namna mbili. Kama uliwahi kushtakiwa hata kwa ugomvi, sema, maana kosa dogo lililofichwa linakuwa uongo mkubwa. Piga nakala ya kila ukurasa kabla ya kukabidhi, na umwombe karani agonge mhuri wa tarehe kwenye nakala yako. Wakikupa pasi ya muda ya kutembea na msindikizaji, usimwache nyuma hata kwenda msalani. Kadi usimwazime mtu, hata mwenzako wa zamu aliyesahau yake. Ikipotea, toa taarifa siku hiyo hiyo. Na mambo ya meli gani imetia nanga na imebeba nini, yabaki bandarini. Usiyaweke kwenye simu.

Swali la ni mtandao gani wa kisiasa unaoufuata, ulilosema limo ukurasa wa nne, usilijibu kwanza. Usilikatae pia. Mwulize afisa kwa maandishi linatokana na kifungu gani cha kanuni. Jibu lake nitumie pamoja na ukurasa unaoeleza muda wa kukata rufaa, kwa sababu muda huo huwa mfupi na huanza kuhesabiwa tangu tarehe ya barua, hata kama imekufikia baada ya wiki.

Mama yako